Rozela: kile unachochemsha si ua

Wengi wanaootesha rozela (wengine huiita choya) hushtuka mara ya kwanza inapochanua. Wanangoja maua mekundu kama yale makavu ya sokoni tunayochemsha kupata juisi, wanaona ua la rangi ya maziwa, katikati jekundu lililoiva, linalofanana kabisa na la bamia. Kesho yake limenyauka. Basi wanadhani wameuziwa mbegu siyo.

Mbegu ni yenyewe. Rozela na bamia ni ndugu, na tunachokausha na kuchemsha si ua hata kidogo. Ni kile kikombe kilicholishika ua kwa chini. Ua likishaanguka, kikombe hicho hunenepa, hujaa maji, huwa chekundu na kichachu. Kichume kingali laini, kinachokatika kwa vidole. Kipasue: ndani kuna tunda dogo la kijani lenye mbegu. Litoe, kisha anika zile nyama nyekundu. Ukichelewa, tunda hukauka na kikombe kinakuwa kigumu. Majani machanga nayo ni mboga, yana uchachu mtamu sana kwenye samaki.

Wapo wanaoamini juisi ya rozela huongeza damu kwa kuwa ni nyekundu. Wekundu ule si damu. Ni rangi ya mmea tu, ya jamii ile iliyo kwenye tunda la zambarau. Tafadhali, mama mjamzito aliyeambiwa damu yake ni pungufu asiache vidonge vya madini ya chuma akategemea juisi hii. Anayetumia dawa za presha naye amuulize daktari kwanza, maana rozela huweza kuishusha.