Hoteli haivuki mpaka ukiwa umelala

Jumanne iliyopita papa mmoja, baba wa familia, aliingia ofisini kwangu, ninapopanga safari za watu, na bahasha ya kaki. Akatoa pasipoti tano, akazipanga mezani kama karata, akaweka juu yake karatasi ya malipo ya meli. "Mama, tulishaka lipa byote. Utuchagulie tu fasi za kutembeza batoto."

Usiku saba baharini: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo, La Goulette, halafu Barcelona tena. Safari nzuri kwa familia, sina neno. Nikafungua pasipoti ya kwanza, nikatafuta viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, nikashuka na kidole mpaka pale kwenye idadi ya kuingia. 01, yaani kuingia mara moja tu. Ya pili, 01. Zote tano, 01.

Nikamwambia, papa, viza hii itakuingiza Barcelona, lakini ukitoka La Goulette haitakurudisha. Akacheka, akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Lakini mama, bateau ni kama hoteli. Tunalala mule ndani."

Sentensi hiyo nimeisikia mpaka nimechoka. Naisikia kwa watu wenye maduka, kwa madaktari, hata kwa wakili mmoja. Kwa hiyo leo naiandika hapa, na atakayeniletea tena nitamtumia ukurasa huu kwa WhatsApp, sitafungua mdomo.

Wewe unayekaa Lubumbashi, Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, unaijua. Ukivuka asubuhi, ukanunua mkate Chililabombwe, ukarudi kabla jua halijawa kali, umetoka nchini na umeingia nchini. Hakuna afisa wa DGM, yaani uhamiaji, atakayekuambia kwamba hukutoka kwa sababu begi lako lilibaki nyumbani Kamalondo. Baharini ni vilevile, tofauti ni kwamba mpaka unavuka wewe ukiwa umelala, na hakuna foleni ya malori ya kukukumbusha. La Goulette ni bandari ya Tunis, na Tunisia haimo Schengen. Meli ikirudi Ulaya kutoka huko, wewe unaingia Ulaya mara ya pili. Viza ya 01 ilikwisha kazi yake siku ile ya kwanza uwanja wa ndege.

Wajanja hunijibu: basi Tunis hatushuki, tutabaki kwenye bwawa la kuogelea. Kampuni ya meli haikuulizi utashuka wapi. Inatazama njia nzima kabla ya kukupandisha, kwa sababu abiria akikataliwa mpakani, mzigo wa kumrudisha kwao unaiangukia yenyewe. Kwa hiyo hutazuiliwa Tunis. Utazuiliwa Barcelona, gatini, masanduku yakiwa yamepangwa na watoto wamevaa kofia zao mpya.

Na msiniambie hiyo ni mambo ya Ulaya. Familia nyingi za hapa hupenda meli za Durban zile za msimu wa joto, kwa sababu Johannesburg ni karibu. Zile za kampuni ya MSC hupanda mpaka Msumbiji, kwenye ufuko wa Pomene au Kisiwa cha Wareno jirani na Inhaca, kisha hurudi Durban. Unatoka Afrika Kusini, unaingia tena. Hapo pia unatakiwa kuwa na viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Watu wanatazama picha ya mchanga mweupe, hawatazami ramani.

Dawa yake ni nyepesi, na inafanyika siku ya kujaza fomu, haifanyiki baadaye. Fomu ya Schengen inauliza unataka kuingia mara ngapi. Weka alama kwenye mara nyingi, ambatanisha njia ya meli yenye tarehe, na katika barua ya maelezo andika wazi kwamba siku fulani meli inatoka eneo la Schengen na siku fulani inarudi. Ada ni ile ile ya euro 90 kwa mtu mzima.

Kinachosumbua kweli ni swali la kuomba kwa nani. Kanuni inasema uombe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana, kwa ile utakayoingilia kwanza. Imeandikwa kwa mtu anayelala hoteli. Familia ya meli inalala baharini! Hispania usiku mmoja kabla ya kupanda, Italia bandari tatu za mchana, Ufaransa bandari moja, na ndege inapitia Brussels, ambako ndiko pasipoti itakaguliwa. Mimi huhesabu siku za kukanyaga nchi kavu, kisha huandika hesabu yenyewe ndani ya barua ili afisa asinihesabie vingine. Lakini nisijifanye hodari. Nimewahi kupeleka dosie mbili zinazofanana kama ndugu. Moja ikapita, nyingine ikarudi na maneno kwamba tuombe kwingine. Tangu hapo nikiwa na shaka nashauri familia iongeze usiku miwili ya hoteli katika nchi tunayoiomba. Inagharimu, lakini hesabu inanyooka.

Jambo jingine ni majina, nalo ni letu peke yetu. Mkongomani ana jina, ana postnom (jina linalofuata), ana prénom (jina la kwanza). Mtoto mmoja ana jina la nkambo, yaani babu au bibi, wa kiumeni, wa pili la shangazi, na mapacha wamezaliwa na majina yao tayari, Kyungu na Kabange. Mashine ya kampuni ya meli ina visanduku viwili tu, jina la ukoo na jina la kwanza. Inaona wazazi wawili na watoto wanne wenye majina sita ya ukoo, nayo inashangaa. Siku moja niliulizwa kwa simu mapacha wanawezaje kuwa wa koo mbili. Nilicheka peke yangu, halafu nikatuma vyeti vya kuzaliwa pamoja na tafsiri. Fanya hivyo mapema. Nakili kila herufi ilivyo kwenye pasipoti, usimwachie binamu yako aliye Brussels akujazie kwa kubahatisha. Mzazi mmoja akisafiri na watoto bila mwenzake, idhini iliyosainiwa iwe mkononi. Ndani ya sanduku haisaidii.

Haya, turudi kwa papa wangu na fasi za kutembeza watoto.

Hoteli iko katika mji ulioandikwa kwenye jina lake. Meli, hapana. Tangazo likisema Roma, soma Civitavecchia, na kutoka hapo mpaka Roma ni kilomita 70 na kitu. Likisema Firenze, soma Livorno: karibu kilomita 90, yaani kama kutoka hapa kwenda Kasumbalesa. Likisema Venezia ndiyo uulize mara mbili, kwa maana tangu Agosti 2021 meli kubwa zimekatazwa kupita kwenye mfereji wa Giudecca mbele ya mji. Baadhi hufunga Marghera, nyingine Trieste au Ravenna. Napoli, kinyume chake, unashuka ngazi na mji uko mbele ya pua yako.

Chukua Livorno uone saa zinavyoliwa. Karatasi inasema meli iko bandarini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumla ni muda wa saa kumi, watu wanafurahi. Ngazi inafunguliwa baada ya mamlaka za bandari kumaliza kazi yao, na kwa familia yenye watoto wadogo basi linaondoka kama saa tatu. Barabara, kuegesha, kutembea kutoka maegesho: saa tano kasorobo uko katikati ya Firenze. Lakini mlango wa meli haufungwi saa kumi na mbili. Abiria wote wanatakiwa ndani nusu saa kabla, pengine zaidi. Kiongozi mwenye akili atawaondoa mjini saa tisa na robo. Zimebaki saa nne na nusu. Toa chakula, toa choo cha mtoto wa kwanza, toa choo cha mtoto wa pili ambaye dakika kumi kabla alisema hahitaji. Umelipia siku nzima, umepata saa tatu, nusu yake kwenye foleni.

Kwa familia yenye watoto chini ya miaka kumi mimi nasema Pisa. Kutoka Livorno ni mwendo mfupi, kama kwenda Kipushi. Mnara umeinama, mtoto anauelewa bila maelezo, picha, aiskrimu, mmerudi. Watu wa sanaa wananikasirikia. Wakasirike.

Kisha kuna saa yenyewe, na hapa naomba usome polepole. Meli ina saa yake. Simu yako inafuata mnara wa simu wa nchi uliyoshukia. Wakati wa likizo yetu kubwa ya Julai na Agosti, Italia na Hispania zina saa sawa na Lubumbashi, lakini Tunisia haisogezi saa, kwa hiyo iko nyuma yao kwa saa moja, kama Kinshasa ilivyo nyuma yetu. Nahodha akiiacha saa ya meli ilivyokuwa Palermo, basi uko Sidi Bou Said, karibu na Tunis, unakunywa chai, simu inaonyesha saa kumi na nusu, unajiona una saa nzima, na kule bandarini wanavuta ngazi. Mtu yeyote wa hapa aliyewahi kupanga simu na ofisi ya Kinshasa angepaswa kulijua hili bila kufundishwa. Vaa saa ya mkono. Irekebishe kwa saa ya meli, usiiguse tena.

"Watatungoya." Hapana, hawatawangoja. Wazo hili nadhani limetoka kwa boti za ziwani, zile za Kalemie, ambazo hungoja mpaka zijae, na mama mwenye mifuko ya samaki akipiga kelele kutoka mbali anangojwa pia. Meli ya watu 4,000 inalipia gati na rubani wa bandari ameshaitwa. Wanaongojwa ni wale walio kwenye basi la meli yenyewe, waliolipia matembezi ndani ya meli. Basi hilo likikwama njiani, meli hungoja, au kampuni huwapeleka bandari inayofuata kwa gharama zake. Ukienda na teksi yako, kuchelewa ni kwako, na viza yako ya bandari inayofuata ni kwako.

Je, ndiyo kusema ununue kila tembezi kwenye meli? Zamani nilikuwa nasema ndiyo, bila kupepesa. Siku hizi nasita. Bei ya meli ni kwa kichwa, teksi ni kwa gari. Kwa watu wawili tofauti ni ndogo. Kwa familia ya Kikongo ya watu saba, dereva mmoja mwenye gari kubwa anashinda kwa mbali, tena anasimama mtoto akitapika. Kwa hiyo mahali pa karibu, kama La Goulette kwenda Carthage, au Palermo mjini, chukua gari lako au miguu yako. Kunakohitaji barabara ndefu, lipa basi la meli na ulalamike baadaye. Civitavecchia iko katikati: treni zipo na ni za bei nafuu, ila stesheni kutoka gatini si hatua mbili, na mgomo wa treni Italia si hadithi.

Kuna jambo nalisema kwa sauti ya chini kwa sababu linaniondolea mauzo. Kwa watoto wa miaka mitatu au minne, sina hakika kama tembezi lolote lina maana. Familia moja niliipangia bandari sita, matembezi sita. Waliporudi nilimuuliza mtoto alipenda nini. Lifti. Siku bora ya wazazi, walikiri, ilikuwa ile waliyobaki melini wengine wote wakiwa wameshuka: bwawa tupu, meza tupu, hakuna foleni. Sijui niuzeje siku ya kutofanya kitu, lakini naanza kuiweka kwenye ratiba.

Mengine kwa haraka. Kabina ya katikati na ya chini hutikisika kidogo kuliko ya juu mbele. Mama mjamzito ambaye safari itamfikisha wiki ya 24, kampuni nyingi hazimpandishi. Mtoto chini ya miezi sita pia. Kadi ya manjano ya homa ya manjano inaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo usichome usiku wa kuondoka. Bima ya Schengen isiwe chini ya euro 30,000, na uifikirie vizuri, maana daktari wa meli hutoza kama hoteli ya kweli.

Papa wangu tulimbadilishia njia: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Napoli, Palma. Zote ndani ya Schengen, 01 yake inatosha. Alilipa tofauti na adhabu ya kubadilisha, na hakufurahi. Jana amenipigia tena. Sasa anataka kumwongeza mama mkwe. Nimemuuliza pasipoti yake inaisha lini. Mwezi wa tisa. Wao wanarudi mwisho wa mwezi wa nane, na Schengen inataka pasipoti iwe hai angalau miezi mitatu baada ya kutoka. Nimemwambia asilipe kitu, nkambo aje kwanza ofisini na pasipoti, nione.