Kamakhya hakuna sanamu linalotoka damu, jamani

Juzi nimeulizwa tena habari za Kamakhya, lile hekalu la mungu mke wa Wahindu. Mteja kaja na tarehe zake kaziandika kabisa, 22 mpaka 25 Juni, nimkatie tiketi mpaka mji wa Guwahati, jimbo la Assam huko India, "kaka nataka nifike siku zilezile sanamu la yule mungu mke linapotoka damu, niingie nilione kwa macho yangu." Nikashika kichwa. Hii kazi ya kupeleka watu hija India ndo inanilisha, na kuhusu Kamakhya hili ndo naulizwa kuliko yote, nikijibu mtu ananiangalia kama namnyima kitu.

Sanamu halipo. Kuna vinyago vya mawe ukutani na kingine cha sherehe, sawa, lakini kinachoabudiwa kiko chini kabisa, unashuka ngazi nyembamba za mawe, giza, mwanga ni wa taa za mafuta tu, halafu unakuta mwamba wenye mpasuko, chemchemi inaulowesha muda wote, juu umefunikwa kitambaa chekundu na maua. Unainama, unagusa maji, basi, nyuma washaanza kukusukuma. Imani ni kwamba mungu Vishnu alipoukata mwili wa marehemu Sati, mungu mke, uke wake ulidondokea hapa kilima cha Nilachal, ndo maana mwamba na siyo sanamu.

Na hizo siku za Juni unazozing'ang'ania, yaani sikukuu ya Ambubachi, ndo siku ambazo HAINGII MTU! Mungu mke anahesabiwa yuko hedhini, milango inafungwa siku tatu, we na nauli yako yote unakaa nje na mvua za masika ya kule zinakunyeshea, na siku ya nne wakifungua hiyo foleni usiulize. Prasadi yake, yaani kile unachopewa hekaluni kama baraka, ni maji ya chemchemi na kipande cha kile kitambaa, na huo wekundu mnaodhani ni damu ni rangi ya kitambaa chenyewe. Kama unataka darshani, yaani kumwona mungu hekaluni, ya kutulia nenda Novemba, nimesema mara ngapi sijui.

Wengine wanasema milango inafungwa kwa vile mungu mke ni najisi. Hapana, anapumzishwa. Ardhi yenyewe inahesabiwa iko hedhini, wakulima wa Assam siku hizo hawalimi, zikiisha ndo jembe linarudi shambani.

Eti Kamakhya ni chuo cha uchawi, niwaletee na dawa ya mapenzi. Tantra, ile ibada ya siri ya Kihindu, ipo pale tangu zamani ila ni njia ya ibada, siyo duka la hirizi. Kijiji chenye sifa za uchawi ni Mayong, kwingine kabisa, na hata huko sikuletei kitu.

Jengo lote ni la kale na kale? Pahali ndo pa kale. Hekalu lilivunjwa, hili mnaloliona kwenye picha na kuba lake kama mzinga wa nyuki lilijengwa upya 1565 na mfalme Naranarayan wa ufalme wa Koch pamoja na mdogo wake Chilarai.

Na nyie wateja wangu wa Kigujarati msiokula nyama, msidhani kila hekalu ni maua na nazi. Hapa mbuzi wanachinjwa, madume tu, jike haguswi, kwa hiyo ukisikia mlio kule uani usije ukanipigia simu saa kumi usiku kunilaumu. Halafu soksi acheni hotelini, unaingia peku na zile ngazi zimelowa.