Sheri ni jina la mji jamani

Shemeji yangu karudi likizo Uhispania juzi, alikaa wiki nzima Sevilla na pwani ya Cádiz, picha za kutosha, alafu tukiwa mezani akaanza kulalamika kwamba nchi yote ile ya waini kakosa sheri. Eti kila baa akiuliza sheri wanamjibu jerez, jerez, na walipomletea hiyo jerez ikawa kavu inakausha ulimi, rangi kama maji ya majani makavu, utamu hata wa kusingizia hamna, akairudisha. Mi nikanyamaza maana kulikuwa na wageni. Ila ni mara ya nne hii nasikia mtu anaitaja sheri kama vile ni sharubati ya wazee au kitu cha kumwagia keki, kwa hiyo leo niacheni niseme.

Maana yake ni fupi tu. Sheri ni waini ya eneo la Jerez de la Frontera, Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María, kusini kabisa mwa Uhispania mkoa wa Cádiz, nyingi inatokana na zabibu nyeupe zinazoitwa palomino, na kwa kawaida ikishachachuka inaongezwa pombe kali ya zabibu kisha inalazwa kwenye mapipa miaka kadhaa. Basi. Neno tamu hujaliona hapo.

Sasa jina, ndo penye utamu wenyewe. Waarabu walipoutawala mji wa Jerez waliuita Sharish, na kuna mwanachuoni aliyefariki 1222 anayejulikana kama al-Sharishi, yaani mtu wa huko tu, kama sisi tunavyomwita mtu Mngazija. Mwaka 1264 mfalme Alfonso X akauchukua, ukawa Xerez, na hilo de la Frontera la nyuma maana yake wa mpakani, sababu ulikuwa ukingoni na dola ya Waislamu wa Granada. Kumbuka zamani zile herufi x kwa Kihispania ilitamkwa sh, kwa hiyo ukisoma Xerez ya wakati ule ni Sheres, umbali na Sharish ni mdogo mno. Wafanyabiashara wa Kiingereza wakalisikia hivo, wakaandika sherris. Alafu baadae Wahispania wenyewe wakaihamishia ile sauti kooni, ikawa kh kama ya kheri na khamsini, leo ukifika unasikia Kheres, na Mwingereza hakuna aliyempa taarifa. Yani mwenye mji kahama na mgeni ndo kabaki na matamshi ya zamani.

Na ile s ya mwisho je? Waingereza waliiona wakadhani ni wingi, wakaikata wapate umoja, sherris ikawa sherry. Kabla hamjacheka, kitabu kwa Kiarabu ni kitab, hiyo ki ni ya neno lenyewe, sisi tukaiona inafanana na ki ya kiti tukajizalishia vitabu. Na kipilefti? Mwingereza kasimika kibao anasema shika kushoto, leo tuna vipilefti hadi wilayani. Kila lugha ina kosa lake la aina hii na wala sio dhambi.

Kwa hiyo sheri na jerez ni neno moja lililopita milango miwili, ndo maana chupa inaandikwa yote kwa pamoja, Jerez-Xérès-Sherry, hilo la katikati ni la Wafaransa. Mhudumu alikuwa anamjibu shemeji kwamba ndiyo, ipo.

Kinachoniudhi mimi ni mtu kuligeuza jina la mahali kuwa jina la ladha. Ni kama yule muuzaji ambaye kila mchele unaonukia kwake ni wa Kyela, hata kama haujawahi kuiona Kyela. Kwa miaka mingi kulikuwa na chupa zimeandikwa sheri kutoka Kupro, Afrika Kusini, na hata Uingereza kwenyewe ambako walikuwa wanatengeneza kwa juisi nzito ya zabibu za kuagiza, na ni 1996 ndo Ulaya ikafunga mlango kwamba jina hilo ni la Jerez peke yake. Ile tamu ya kahawia ambayo watu wanaikumbuka nayo ni sheri, sibishi, ila nyingi ni waini kavu iliyotiwa utamu kwa ajili ya soko la Waingereza.

Huko kwenyewe wanachokunywa sana ni fino, yaani sheri kavu ya rangi hafifu. Pipa halijazwi mpaka juu, na juu ya waini inatanda hamira fulani nyeupe wanaiita flor, yaani ua la mmea, inazuia hewa na inakula hata kile kisukari kilichobaki, sasa utamu utoke wapi. Flor inaishi vizuri kwenye kilevi cha kama asilimia 15, ukipandisha hadi 17 inakufa, hewa inaingia, waini inakuwa ya kahawia na harufu ya karanga, hiyo ni oloroso, ambayo nayo kiasili ni kavu. Tamu ya kweli ni ile ya zabibu za Pedro Ximénez zilizoanikwa juani, nyeusi kama wino. Na usiulize sheri ni ya mwaka gani, nyingi ni mchanganyiko, wanachota kidogo pipa la chini kabisa na kujazia kutoka safu ya juu yake, miaka nenda rudi.

Manzanilla ni ndugu wa fino, ila lazima ilale Sanlúcar, pale mto Guadalquivir unapoingia baharini. Angalia tu, neno hilohilo ni kamomaili, ukiagiza kwenye mgahawa mbali na huko unaweza kuletewa kikombe cha chai ya maua.

Shemeji, kile ulichokirudisha ndo sheri yenyewe. Siku ukirudi, kutoka Sevilla hadi Jerez ni kama saa moja kwa treni, sema fino, iwe baridi sana, na uagize kamba wa Sanlúcar pembeni, usiinywe kavukavu.