Je, wajua kwa nini haramia wa anga za juu asingedumu?

Pita kwenye kibanda chochote cha gemu hapa Arusha, pale Ngarenaro au Sakina, shule zikiwa zimefungwa. Utakuta machalii wamebanana mbele ya runinga moja, na adui wa mwisho mara nyingi ni yule yule: mkuu wa maharamia wa anga za juu. Ana msururu wa vyombo vya vita, ana ngome kwenye sayari isiyo na jina, na akikasirika anaua hata watu wake. Anapanda kwa ukatili, anashuka kwa bunduki, gemu imeisha, weka mia tano nyingine. Halafu mmoja anauliza: hivi mtu kama huyu anaweza kutokea kweli? Na akitokea, nini kitamwangusha?

Kutokea anaweza, lakini si kwa sura ile. Na bunduki haitakuwa na kazi kubwa katika anguko lake. Tukitaka kuelewa kwa nini, tuwaangalie kwanza maharamia waliowahi kuishi, maana wakubwa wao wamepanda na kushuka kwa njia zinazofanana sana, iwe China ya karne ya 19 au Somalia ya juzi.

Haramia mkuu huhitaji mambo matatu kabla ya ukatili. Awe na njia inayopitisha mali ya watu, awe na mahali pa kujificha, na awe na mtu wa kununua alichoiba au kulipa fidia ya alichoteka. Ukatili ni nyongeza, na kwa sehemu kubwa ni matangazo. Mwingereza Edward Teach, maarufu kama Blackbeard, alifunga bandari ya Charleston mwezi Mei 1718, akakamata meli na abiria wake, kisha alichodai ni kasha la dawa. Akalipata, akawaachia watu wakiwa hai. Sifa yake ya kutisha ilimfanyia kazi ambayo risasi zingeifanya kwa gharama kubwa zaidi. Miezi sita baadaye, Novemba 22 mwaka huo huo, aliuawa huko Ocracoke. Utawala wake wote haukufika hata miaka mitatu.

Aliyeijua kazi hii kuliko wote, kwa maoni yangu, alikuwa mwanamke. Zheng Yi Sao wa China alirithi uongozi mwaka 1807 baada ya mumewe kufariki. Muungano wake ulikuwa na mamia ya jahazi na makumi ya maelfu ya watu. Sheria zake zilikuwa kali: ukiiba kwenye hazina ya pamoja, unakatwa kichwa. Lakini pesa nyingi hakuzipata kwa kupora. Aliuza vibali. Jahazi la chumvi likilipa, linapewa karatasi, na haramia yeyote wa muungano akiiona analiacha lipite. Huo tayari ni ushuru. Mwaka 1810 mmoja wa makamanda wenzake, Guo Podai, alikorofishana na kamanda mkuu wa mama huyu, akaenda kujisalimisha serikalini na meli zake. Zheng Yi Sao akasoma alama za nyakati. Alikwenda mwenyewe bila silaha hadi kwa gavana huko Guangzhou, akajadiliana, akapata msamaha, na kamanda wake akapewa cheo katika jeshi la majini la mfalme. Alifariki mwaka 1844, mzee, mitaani kwake, akiwa ameendesha nyumba ya kamari. Katika biashara hii kufa kitandani ni jambo la nadra mno.

Tuje karibu na kwetu. Wasomaji wengi wanakumbuka Novemba 2008, pale Wasomali walipoiteka meli ya Saudia iitwayo Sirius Star, kusini mashariki mwa Mombasa, ikiwa na mapipa milioni mbili ya mafuta ghafi. Miezi miwili kabla, waliichukua Faina, iliyokuwa inakuja Mombasa na vifaru 33. Jina lililotajwa nyuma ya matukio hayo ni Mohamed Abdi Hassan, aliyeitwa Afweyne, mtu aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali. Yeye hakuwa wa kupanda ngazi za meli na bunduki mdomoni. Alikuwa mratibu: anatafuta wafadhili, anapanga boti, anaandaa pwani ya Harardhere kuwa mahali pa kufungia meli hadi fidia ije.

Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2012 fidia zilizolipwa kwenye Pembe ya Afrika zilikuwa kati ya dola milioni 339 na 413. Yule kijana aliyekuwa kwenye boti, aliyeweza kufa maji au kupigwa risasi, alipata dola 30,000 hadi 75,000 kwa meli moja, na humo yakakatwa madeni ya chakula na mirungi aliyokopeshwa kwa bei ya juu wakati akilinda mateka. Hata huko kuna bosi na kuna kibarua.

Afweyne alitangaza kustaafu Januari 2013, mbele ya waandishi wa habari. Oktoba mwaka huo akakamatwa uwanja wa ndege wa Brussels. Polisi wa Ubelgiji walikuwa wamemtumia watu waliojifanya watengenezaji wa filamu, wakamwambia wanataka kusimulia maisha yake. Akapanda ndege mwenyewe. Walikuwa wanamdai meli ya Kibelgiji, Pompei, iliyotekwa Aprili 2009. Mwaka 2016 mahakama ya Bruges ikamhukumu miaka 20. Manowari za mataifa zilikuwepo baharini tangu 2008, na meli ziliweka walinzi wenye silaha na seng'enge, ndiyo maana utekaji ulishuka ghafla kuanzia 2012 kabla ya kuibuka tena kidogo mwishoni mwa 2023. Lakini yeye binafsi aliangushwa na sifa. Alitaka kuonekana.

Sasa chukua yale mahitaji matatu, uyapeleke juu.

Mali kwanza. Angani kuna nini cha kuiba? Mwaka 2023 chombo cha Marekani kilileta duniani vumbi na kokoto kutoka kwenye asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka jua) iitwayo Bennu: gramu 121.6. Wajapani, mwaka 2020, walileta gramu zipatazo tano kutoka asteroidi nyingine. Safari hizo ziligharimu mamia ya mamilioni ya dola, na mzigo wote unaingia kwenye kikombe cha kahawa. Marekani mwaka 2015 na Luxembourg mwaka 2017 zilitunga sheria za kuruhusu kampuni kumiliki madini yatakayochimbwa huko, kwa hiyo siku moja huenda njia ikawa na mali. Kwa sasa, kinachosafirishwa zaidi ni maji, chakula na vifaa vya wanasayansi. Haramia atateka tani kadhaa za supu ya kukausha.

Halafu kuna suala la kumkuta unayetaka kumpora. Jambazi wa barabara ya Moshi anajificha kichakani karibu na kona, gari linakuja, anarusha jiwe. Angani huwezi kusimama ukasubiri. Kituo cha kimataifa cha anga za juu kinazunguka kikiwa kilomita 400 hivi juu yetu kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Kwa kasi hiyo umbali wa Arusha hadi Moshi unaisha kwa sekunde kumi tu. Ukitaka kukigusa bila kupasuka, lazima uwe kwenye kimo kile kile, kwenye mzunguko uleule, kwa kasi ileile. Na kugeuza upande wa mzunguko kunakula mafuta kupita maelezo: kuugeuza kwa nyuzi 60 kunahitaji mabadiliko ya kasi yanayolingana na kasi yote uliyonayo. Chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilichosambaratika Februari 2003 na kuua watu saba kisingeweza kukimbilia kituo hicho hata kama hitilafu yake ingejulikana mapema, kwa sababu kilikuwa kwenye mzunguko ulioinama tofauti na hakikuwa na mafuta ya kuvuka. Kama watu wenye shida ya kweli hawafiki, haramia anayekimbiza windo atafikaje?

Kujificha ndiko kunakommaliza kabisa. Zheng Yi Sao alikuwa na visiwa na mito, Afweyne alikuwa na pwani isiyo na serikali. Angani hakuna kichaka. Nyuma ya chombo chako kuna baridi ya takriban nyuzi 270 chini ya sifuri, na wewe ndani unahitaji joto la chumba ili uishi. Joto hilo lazima litoke nje, na likitoka linaonekana kwa vyombo vinavyopima miale ya joto. Injini ukiiwasha ndiyo umepiga yowe. Rada za ardhini zinafuatilia hata vipande vya takataka vyenye ukubwa wa sentimita 10 karibu na dunia. Na kwa kuwa mzunguko unafuata kanuni za hesabu, mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kusema kesho saa nane mchana utakuwa juu ya nchi gani.

Kuhusu mnunuzi sina la kusema sana. Chochote ulichoiba lazima kirudi duniani, kitue mahali, na mahali hapo pana mwenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo watengeneza gemu hulipita haraka: hewa. Mkuu wa maharamia wa kwenye runinga anaua fundi wake kwa hasira. Ndani ya chombo halisi, fundi wa mtambo unaoondoa kabonidayoksaidi ndiye anayeshika roho za wote. Akigoma, ukatili wako hauna pa kuanzia. Na nyuma ya fundi yuko mwenye roketi ya kuleta oksijeni na vipuri, naye yuko ardhini, ana anwani, ana akaunti ya benki. Ukimpata huyo, huko juu hutumi hata askari mmoja.

Kwa hiyo haramia wa anga anayewezekana ni yule ambaye hajawahi kuondoka duniani. Na huyo tayari ameshatokea. Aprili 27, 1986, fundi wa madishi wa Florida aliyejiita Captain Midnight alielekeza dishi kubwa kwenye setilaiti iliyorusha chaneli ya HBO, akaizidi nguvu ishara yao, na kwa dakika nne na nusu watazamaji wakasoma ujumbe wake wa kulalamikia bei ya dola 12.95 kwa mwezi. Walimpata vipi? Wachunguzi walitafuta vituo vyenye mitambo ya nguvu ile na herufi za aina ile, na mtu mmoja akamsikia akijisifu kwenye simu ya kulipia kando ya barabara. Sifa tena. Alitozwa faini ya dola 5,000 na kuwekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja.

Brazil hali ilikuwa pana zaidi. Madereva wa malori na wakata magogo walizoea kuongea bure kupitia setilaiti za zamani za jeshi la majini la Marekani, kwa sababu setilaiti zile zilirudisha chini kila ishara zilizopokea bila kuuliza ni ya nani. Machi 2009 polisi waliwafuata washukiwa 39 katika majimbo sita. Uharamia wa kweli wa angani ulikuwa redio ndani ya kabini ya lori.

Linabaki swali la nani angemhukumu yule mkubwa wetu, na hili ni swali ambalo mtu wa Arusha ana haki ya kulipenda. Mji huu ulikaa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ndani ya AICC, kile kituo cha mikutano, hadi mwisho wa 2015. Leo una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, una Mahakama ya Afrika Mashariki, una ile taasisi iliyorithi kesi za Rwanda na Yugoslavia. Chalii akisema "aletwe hapa kwetu", hajakosea sana kuwaza hivyo.

Baharini mambo yako wazi. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unaruhusu nchi yoyote kumkamata haramia kwenye bahari kuu na kumshtaki kwake. Ndiyo maana Kenya na Ushelisheli ziliweza kuwahukumu Wasomali walioteka meli za watu wengine. Lakini tendo lazima liwe kwa faida binafsi. Februari 24, 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, modemu za mtandao wa setilaiti wa Viasat ziliharibiwa, na mitambo 5,800 ya umeme wa upepo Ujerumani ikakosa mawasiliano na wasimamizi wake. Marekani na Umoja wa Ulaya waliilaumu Urusi. Serikali ikifanya hivyo, kwa mkataba ule wa bahari, huo si uharamia, ni jambo lenye jina lingine.

Angani hakuna kifungu cha haramia. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema tu kwamba chombo hubaki chini ya mamlaka ya nchi iliyokisajili, na kwamba kila nchi inawajibika kwa wanachofanya watu wake huko. Kwa hiyo mahakama zote zile za Arusha zingemrudisha mlangoni. Ya Afrika inashughulika na malalamiko dhidi ya serikali, ya Afrika Mashariki inatafsiri mkataba wa jumuiya, na ile iliyobaki na mafaili ya Rwanda haina ruhusa ya kufungua kesi ya namna hiyo. Kama chombo alichokiteka kimesajiliwa Luxembourg, Luxembourg ndiyo itakayodai kumhukumu, na nchi yake mwenyewe italazimika kueleza ilikuwa wapi alipokuwa anajaza mafuta.