Mwanamichezo Halisi ni Nani? Suala la Wachezaji wa Besiboli

Mwanamichezo ni mtu ambaye mwili wake umefundishwa kwa miaka mingi hadi ukaweza kufanya, tena mbele ya mpinzani anayeuzuia, jambo ambalo mtu mwenye afya njema asiye na mafunzo hayo hawezi kulifanya. Wengi wetu hapa Arusha tuna maana finyu zaidi: tunapima pumzi na miguu. Si ajabu, kwa kuwa Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na hata leo barabara za Ngaramtoni hazikosi vijana wanaojifua alfajiri kwa mbio ndefu. Kwa macho yaliyozoea hayo, mchezaji wa besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, anayesimama muda mrefu akisubiri mpira, pengine akiwa na kitambi, hastahili jina hilo.

Kipimo cha pumzi, hata hivyo, huona sifa moja ya mwili na kuziacha nguvu ya ghafla, wepesi wa kuamua na ushirikiano wa jicho na mkono, ambazo ndizo uti wa mgongo wa besiboli. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Akiurusha mpira kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, unafika kwa takriban sekunde 0.4, na ndani ya muda huo mpigaji anapaswa kusoma mzunguko wake, kukisia utakapopita, kuamua aupige au auache, kisha kuzungusha nyonga, mabega na gongo lenye unene usiozidi sentimita 6.6. Ndiyo maana anayefanikiwa mara 3 katika 10 huhesabiwa miongoni mwa walio bora. Michael Jordan, nyota wa mpira wa kikapu ambaye hakuna anayetilia shaka uanamichezo wake, alijaribu besiboli mwaka 1994 katika ligi ya daraja la chini, na wastani wake ukaishia kwenye mafanikio 2 tu katika kila 10.

Mrushaji naye huulipia urushaji kwa kiwiko chake. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji Tommy John na kuipandikiza kwenye kiwiko cha mkono wake wa kurushia, kilichokuwa kimechanika kano. Mchezaji huyo alirejea uwanjani mwaka 1976 na akaendelea hadi 1989. Mwili usiofanya kazi nzito hauharibiki namna hiyo.

Mwenye hoja dhaifu zaidi ni mpigaji maalumu, ambaye hupiga tu na halindi uwanja. Ustahimilivu wake ni mdogo, nami nakubali kwamba mkimbiaji wa marathoni anamzidi mbali katika hilo. Lakini zile sekunde 0.4 zinamhusu yeye kama zinavyowahusu wenzake, na kwa hizo anaingia ndani ya maana ya mwanamichezo.