Kikokotoo: neno lililotoka darasani likafika kijiweni

Zamani ukitaja kikokotoo, wengi walifikiria kile kimashine kidogo cha hesabu anachobeba mwanafunzi. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma Tanzania iliunganishwa kuwa PSSSF, ikaja kanuni mpya ya mafao, na mjadala ukawaka mpaka Desemba Rais Magufuli alipoagiza isitishwe. Tangu hapo kikokotoo ni neno la kwenye daladala, na maana yake imehama: siku hizi watu wanamaanisha kanuni yenyewe, si kile chombo. Sioni kosa lolote hapo. Lugha hai ndivyo inavyokwenda.

Mimi nafundisha kompyuta, na neno hili limebeba jambo ambalo ndilo moyo wa kazi yetu: ukokotoaji. Kukokotoa ni kuchukua taarifa ulizonazo na kuzipitisha kwenye kanuni, hatua baada ya hatua, hadi upate jibu ambalo mtu mwingine akifuata hatua zilezile atalipata lilelile. Muuza mitumba anayelitazama robota na kusema "humu laki nne haikosi" anakadiria. Mama ntilie akijumlisha sahani za wateja, anapiga hesabu. Kukokotoa tunakusikia zaidi penye kanuni: kodi, riba, wastani wa alama, mafao.

Wala si lazima pawe na mashine. Mwaka 1962, kabla mwanaanga Mmarekani John Glenn hajarushwa kwenda kuizunguka dunia, aliomba Katherine Johnson, mwanahisabati wa NASA, akague kwa mkono namba za safari yake zilizotolewa na kompyuta. Wote wawili, mama yule na mashine ile, walikuwa wanakokotoa.

Sasa tuitazame kanuni yenyewe ya mafao. Chukua wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu bora, zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, gawa kwa 580. Hapo umepata pensheni ya mwaka kabla haijagawanywa. Sehemu inayokwenda kwenye mkupuo, yaani malipo ya mara moja unapostaafu, inazidishwa kwa 12.5, inayobaki inagawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi. Mwalimu mwenye wastani wa shilingi milioni 12 kwa mwaka na miezi 360 ya kuchangia anapata 7,448,276. Mkupuo ukiwa asilimia 33, kama ilivyoanza kutumika mwaka 2022, anapokea 30,724,138 kwa pamoja na 415,862 kila mwezi. Ukiwa asilimia 40, kiwango kilichotangazwa kwenye bajeti ya 2024/25 kwa waliokuwa wakipata nusu kabla ya mabadiliko, mkupuo unafika 37,241,379 na malipo ya mwezi yanashuka hadi 372,414.

Mshahara ni uleule, miezi ni ileile, na hakuna aliyekosea kuzidisha. Asilimia ile waliichagua watu, na ni haki ya wananchi kuijadili kwa sauti. Mashine inaitii tu.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinijia na karatasi yake mkononi. "Mwanangu, kompyuta yao imenikosea." Nikampa kiti, tukaipitia mstari kwa mstari kwa kalamu. Kanuni ilikuwa sahihi. Kuzidisha na kugawa kulikuwa sahihi. Kilichokuwa na kasoro ni namba ya kwanza kabisa: miezi 348 badala ya 360. Michango ya mwaka mzima, mwaka aliohamishwa kituo, haikuingizwa kwenye kumbukumbu. Kwa mfano wetu wa juu, upungufu huo unateremsha mkupuo wa asilimia 40 hadi 36,000,000 kamili na pensheni ya mwezi hadi 360,000. Zaidi ya milioni moja inapotea, na kikokotoo hakijakosea hata senti.

Kwa hiyo ukipewa jibu usiloliamini, uliza kwanza ni namba gani zimeingizwa, kisha kanuni gani imetumika. Kuzidisha ndiko kunakokosewa mara chache zaidi. Taarifa ya michango yako iombe mapema, miaka kadhaa kabla ya kustaafu, na miezi uihesabu mwenyewe.

Yule mama hati zake za mshahara za mwaka ule alikuwa nazo, zimefungwa kwa mpira ndani ya bahasha ya kaki. Alizipeleka, miezi yake 12 ikaingizwa, hesabu ikafanywa upya kwa kanuni ileile.