Bloki ya Zamani kwenye Subaru ya Turbo: Yanayosemwa Grogan na Yaliyo Kweli

Injini ya Legacy GT au Forester XT ikianza kugonga beringi, mwenye gari Nairobi hapewi hata muda wa kuomboleza. Sampu ya oili haijafunguliwa, tayari kuna mtu amempigia jamaa wa Kirinyaga Road, huko Grogan kwenye maduka ya spea, mwenye bloki ya EJ25 (injini ya Subaru ya lita 2.5) isiyo ya turbo, ya miaka ya nyuma, “ya Japan, haijaguswa”. Mpango ni kuifungia hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu) na turbo za gari lake, utoke na lita 2.5 palipokuwa na lita 2.

Mpango wenyewe si wa kijinga. EJ, familia ya injini za Subaru, ilianza na Legacy mwaka 1989 na kutengenezwa kwa miaka thelathini hivi, na muda wote huo boliti za hedi zilibaki palepale. Shida ni maneno yanayosindikiza biashara hii. Mengi ni ya kuuzia.

“Zote ni EJ, zinaingiliana”

Boliti zinaingiliana, ndiyo. Lakini tundu la silinda ya EJ20, ile ya lita 2, lina kipenyo cha milimita 92, la EJ25 milimita 99.5. Laza gasketi ya EJ20 juu ya bloki ya EJ25 uone: ukingo wake unaingia ndani ya silinda karibu milimita 4 kila upande, pale pale pistoni inapopanda. Gasketi hufuata bloki, si hedi.

Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nazo zina mambo yake. Bloki za mwanzo huzuia krenki isisogee mbele na nyuma kwa beringi ya tatu, ile ya katikati. Zilizofuata mwishoni mwa miaka ya 1990 huizuia kwa ile ya tano, nyuma kabisa. Krenki ya bloki moja haikai kwenye nyingine. Giaboksi nayo hushikwa na boliti nne kwenye bloki za kwanza, nane kwenye za baadaye.

Na kama Forester yako ya turbo ni ya 2013 kuja juu, yenye FA20, acha kabisa. Hiyo si EJ, na hakuna hedi yake itakayokaa kwenye bloki ya EJ.

“Lita zikiongezeka, nguvu inaongezeka, basi”

Hapa ndipo injini nyingi hufia, kwa hivyo tupige hesabu. Silinda moja ya EJ20 ina sentimita za ujazo 498, ya EJ25 sentimita za ujazo 614. Tuseme nafasi inayobaki juu pistoni ikifika mwisho ni ileile. EJ205, aina moja ya EJ20 ya turbo, yenye kompresheni (kiwango cha kubanwa kwa hewa na petroli) ya 8 kwa 1 itapanda hadi 9.6 hivi. EJ20X ya Legacy GT, iliyotoka kiwandani na 9.5, itafika 11.5, na hapo turbo haijasukuma chochote.

Hesabu hiyo ni ya kukadiria, kwa sababu pistoni zina mabonde tofauti na gasketi zina unene tofauti. Ndiyo maana lazima kupima. Hedi hugeuzwa chali, valvu zikiwa zimefungwa, ukingo wa chemba ukapakwa grisi, kisha kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo kikalazwa juu yake. Unadunga oili nyepesi kwa sirinji ya duka la dawa mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kitoke, halafu unasoma umetumia ngapi. Unarudia upande wa pistoni. Kazi huisha kabla asubuhi moja haijapita, na vifaa vyake havifiki bei ya plagi nne. Fundi anayekwambia haina haja, mimi singemwachia injini ya turbo.

Kuna pia wanaodai turbo na kompresheni kubwa haviwezi kukaa pamoja kamwe. Nalo si kweli: FA20 ya turbo ina 10.6 kwa 1. Ila petroli yake hunyunyizwa ndani ya silinda moja kwa moja na kuipoza hewa humo humo. EJ hunyunyiza nje, kwenye njia ya hewa, kwa hivyo haipati nafuu hiyo kwa kiasi hicho.

“Za zamani zilikuwa chuma kizito”

Bloki zote za EJ ni alumini, zenye silinda za chuma ndani. Sifa ya ugumu ilitokana na chache tu, kama EJ22 ya turbo iliyouzwa Marekani kwenye Legacy ya 1991 hadi 1994, ambayo silinda zake zimeshikwa juu pande zote. Umri peke yake hauongezi chochote.

“Kompyuta ya gari itajizoeza”

Sensa ya hewa inapima kinachoingia, kwa hivyo petroli haitapotea njia mara moja. Kinachopotea ni wakati wa cheche, kwa sababu majedwali yake yaliandikwa kwa kompresheni nyingine. Kompyuta hurekebisha kidogo ikisikia mlipuko wa mapema, na kidogo hicho hakitoshi. Ni lazima majedwali hayo yaandikwe upya na mtu anayejua kusoma data.

Jingine dogo: sproketi ya krenki ya injini za zamani ina meno 6 ya kusomwa na sensa, za baadaye hutumia mpangilio wa 36 wenye mapengo. Ukisahau kuhamisha ya gari lako, starta itazungusha mpaka betri iishe.

“Tumeijaribu Thika Road, iko sawa”

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa iko chini ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Geji ya turbo husoma kinachozidi hewa ya nje. Ikionyesha baa 1 Nairobi, ndani mna takriban 1.8, ikionyesha baa hiyohiyo Mombasa, mna 2. Ongeza joto la Voi na mzigo wa sikukuu. Injini iliyokuwa ukingoni huku juu itaanza kugonga ukishapita Mtito Andei, na lawama ataangushiwa mwenye kituo cha petroli.

“Bloki za ex-Japan hazidumu”

Zingine kweli zimechoka. Lakini nyingi huuawa na injini iliyotoka. Beringi ikisagika, unga wake hubebwa na oili hadi kwenye hedi, turbo na kipoza oili. Kisha vitu hivyo vyote hufunguliwa, vikapanguswa kwa kitambaa na petroli, vikafungwa kwenye bloki safi. Kipoza oili hakisafishiki vizuri ndani, nunua kingine. Mabomba ya oili ya turbo na ya AVCS (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka), kwenye nyingi, yana vichujio vidogo vya wavu ndani ya boliti zake. Kikiziba, turbo hukauka. Pampu ya oili iwe ya turbo, si ile iliyokuja na bloki.

“Nimebadilisha bloki tu, si injini”

Kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, umebadilisha injini. Namba ya injini ya EJ imepigwa kwenye bloki yenyewe, na logbook ina namba hiyo pamoja na ujazo. Vyote viwili sasa ni vya uongo mpaka uombe mabadiliko kupitia eCitizen na gari likaguliwe. Kabla ya hapo mkaguzi wa bima ana sababu ya kukuuliza maswali. Dai risiti yenye namba hiyo kutoka kwa muuzaji, na uipige picha bloki ikiwa bado sakafuni: iko juu, karibu na giaboksi, na interkula (kipoza hewa ya turbo) ikishafungwa huioni tena.